Kunyonyesha kichanga na mtoto anayetembea kwa wakati mmoja, na neno "kubemenda" lililomnyima mwanangu ziwa

Habari zenu, ndugu zangu.

Wiki hii dada mmoja aliuliza humu kama ni lazima amwachishe ziwa mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kwa sababu amepata ujauzito, na karibu majibu yote aliyopewa yalikuwa yale yale: achisha haraka, utambemenda. Nilianza kumjibu pale pale, lakini jibu likarefuka, na kwa kuwa jambo hili limenipata mara mbili, nami nikalipokea kwa namna mbili zilizo kinyume, nimeona nilifungulie uzi wake.

Kwa wasomaji wa mbali ambao hawalitumii neno hilo, kumbemenda mtoto ni kumdhoofisha kwa kukutana kimwili au kushika mimba ilhali bado ananyonya. Mtoto akikonda, akichelewa kutembea au akiharisha mara kwa mara, watu huwatazama wazazi na kunong'ona. Lawama humwangukia mama kwanza, na baba akitajwa hutajwa kwa tuhuma za kutoka nje ya ndoa. Ndiyo maana mwanamke wa huku kwetu akigundua kwamba ana mimba, jambo la kwanza analolifanya, kabla hata ya kwenda kliniki, ni kumkatia ziwa yule aliyepo, ili asije akaonekana.

Mimi nilifanya hivyo kwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miezi 13, nami nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na ambaye alifanya alichofundishwa na mama yake, alikata jani la mshubiri, akalikamua kwenye kikombe, akanipaka. Mwanangu alikuja kama kawaida yake, akafunua kanga, akaweka mdomo, kisha akautoa. Alinitazama usoni. Akashika ncha ya kanga yangu, akaanza kulifuta ziwa taratibu, kama alivyozoea kuniona nikimfuta yeye mdomo baada ya uji. Halafu akajaribu tena. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, si cha njaa wala cha maumivu. Jioni ya siku ya tatu akapelekwa kwa bibi yake Rufiji, ili asahau.

Kule alipendwa, na hilo lazima niliseme. Lakini alichokula ni uji wa muhogo wenye sukari asubuhi, ugali kwa mchuzi mchana, na ugali kwa mchuzi usiku. Samaki waliliwa na wakubwa, yeye akapewa mchuzi, kwa sababu mtoto mdogo huogopewa miiba. Baada ya miezi mitatu nilipokwenda kumwona, majirani walinipongeza kwamba amenawiri, mashavu yamejaa. Nilipomvua viatu niliona alama za kamba zimezama kwenye nyama ya mguu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, nyepesi, zinanyofoka. Hakukimbilia mlangoni kunipokea. Alikuwa amekaa tu.

Alilazwa, akapewa maziwa maalumu ya matibabu, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, mchana na usiku, na Mungu alimnusuru. Leo yuko shuleni. Lakini wodini pale pale, ndugu waliokuja kutuona walisema, mbele yangu, kwamba nilimbemenda. Ni mtaalamu wa lishe wa wodi ile aliyeniambia kwa upole kwamba mtoto huyu hakuharibiwa na maziwa yangu, bali aliondolewa chakula chake kilichokuwa bora kuliko vyote na hakupewa kingine cha kushika nafasi yake.

Baadaye nilisoma jambo ambalo ningetamani kila bibi na kila nesi alijue. Jina la ugonjwa ule, kwashakoo, limetoka katika lugha ya Waga, watu wa nchi ambayo leo ni Ghana. Daktari mmoja aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja kwa jina walilolitumia akina mama wenyewe, ambalo alilieleza kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake anayefuata. Akina mama wa pwani ya Ghana waliona kitu kile kile walichokiona mabibi zetu: mimba mpya inakuja, na mtoto aliyetangulia anadhoofu. Macho yao hayakukosea hata kidogo. Kinachobaki ni kuuliza ni nini hasa kinachotokea kati ya mimba na kudhoofu, na kinachotokea ni shubiri, kikombe cha uji mweupe, na safari ya kwenda kwa bibi.

Sasa nieleze mara ya pili. Binti yangu alikuwa na miezi 14 nilipojigundua tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, nami sikusubiri. Nilidhani kunyonyesha kunanilinda. Kunyonyesha hulinda vizuri pale tu mambo matatu yanapokutana: mtoto hajafikisha miezi 6, hapewi kitu kingine chochote, na mama hajaona hedhi tangu ajifungue. Mimi nilikuwa nimevuka yote matatu na bado nikajiaminisha. Nimeliandika hili makusudi, kwa sababu sitaki mtu ausome uzi huu kama ruhusa ya kubebanisha watoto.

Nilikwenda kliniki. Mhudumu wa kwanza alitaka niache siku ile ile. Mkunga wa pili aliniketisha, akaniuliza maswali kwanza: je, nimewahi kuharibikiwa mimba au kujifungua kabla ya wakati, je, natokwa na damu, je, ni mapacha, je, nimeambiwa nisikutane na mume wangu kwa sababu ya mimba hii. Majibu yangu yote yalikuwa hapana. Akanieleza kwamba mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo hushusha maziwa na pia hukaza mji wa mimba, na hapo ndipo hofu ya wengi inapotoka. Lakini katika mimba iliyo salama, mji wa mimba hauitikii sana homoni hiyo hadi siku zinapokaribia, kwa hiyo mikazo ile midogo haimtoi mtoto. Mwenye jibu la ndiyo katika swali lolote kati ya yale, anatakiwa azungumze na daktari kabla ya kuendelea, na huenda akashauriwa aache.

Niliendelea. Mwezi wa nne maziwa yalipungua sana, jambo ambalo huwapata wajawazito wengi, kwa sababu homoni za mimba huzuia utengenezaji wake, na kunyonya sana hakuwezi kuyarudisha. Ladha nayo hubadilika, na watoto wengi huacha wenyewe wakati huo. Wangu hakuacha. Alikuwa akinyonya kidogo, anatoa mdomo, ananiambia "hakuna", halafu anarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu kubwa katika miezi ile haikuwa ziwani bali jikoni. Maziwa ya mama humpa mtoto wa mwaka wa pili takriban theluthi moja ya nguvu anazozihitaji, na theluthi hiyo ilikuwa imeondoka. Nikaijaza kwa yai, kwa dagaa niliowasaga mwenyewe baada ya kuwaosha mchanga na kuwaanika, kwa karanga zilizotwangwa ndani ya uji, kwa maharage yaliyopondwa, kwa parachichi, na milo mitano kwa siku, si mitatu. Uzito wake kwenye kadi haukuteremka hata mwezi mmoja.

Nilijifungua salama, na kuanzia hapa ndipo maswali ya wengi yalipo, basi nitatulia kidogo.

Kwa siku za kwanza, kichanga ndiye wa kwanza, bila mjadala. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano, ni machache, na tumbo la mtoto wa siku moja halihitaji zaidi ya kijiko cha chai hivi kwa mnyonyo mmoja, lakini kijiko hicho ndicho chanjo yake ya kwanza. Mwili hautengenezi maziwa ya mtoto mkubwa kwa sababu tu mtoto mkubwa yupo. Dang'a huanza kutengenezwa mimba ikiwa bado ipo, na kondo la nyuma likishatoka homoni hubadilika, na maziwa mengi hushuka siku chache baadaye. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo binti yangu alisubiri hadi mdogo wake ashibe ziwa zote mbili, ndipo naye akapata kidogo. Alipata choo chepesi siku hizo, kwa kuwa dang'a husafisha tumbo, na mtu asishtuke kwa hilo. Mimi mwenyewe nililipa kwa chango la uzazi, maumivu makali ya tumbo kila binti aliponyonya, kwa kuwa mtoto mkubwa hunyonya kwa nguvu na mji wa mimba hukaza zaidi.

Siku ya tatu usiku maziwa yalishuka. Wenzangu mnaijua hali hiyo: matiti yanakuwa kama mawe, chuchu inalala bapa, kichanga anahangaika kushika na anateleza. Binti yangu alinyonya dakika chache upande wa kushoto, ziwa likalegea, na mdogo wake akashika vizuri mara moja. Sikuhitaji kukamua, na sikupata homa ya maziwa niliyoipata katika uzazi uliotangulia.

Baada ya hapo maziwa hayakunipungukia, kwa sababu ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Ziwa lililojaa hupunguza kasi, lililotolewa huongeza. Nilichofuata ni utaratibu mmoja tu: kichanga ananyonya kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, na mkubwa ananyonya baada yake, asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala. Sikumgawia kila mtoto upande wake, maana kichanga hufaidika kubadilishiwa, na kama mmoja ana njaa zaidi siku hiyo titi moja lisije likabaki dogo. Kulisafisha ziwa kati ya mtoto na mtoto hakuna haja, isipokuwa mmoja ana utando mweupe mdomoni, na hapo watoto wote na mama hutibiwa pamoja.

Uthibitisho kwamba kichanga anashiba haumo katika maneno ya wageni. Umo katika nepi na mizani: kuanzia siku ya tano hivi akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito aliopungua siku za mwanzo awe ameurudisha kufikia wiki ya pili. Wangu aliurudisha siku ya kumi.

Lipo na la uchungu. Wiki ya sita nilianza kuhisi, binti yangu anaponyonya, hamu ya kumsukuma. Si maumivu, ni kama ngozi inakataa. Nililia kwa kudhani nimemchukia mwanangu. Nilipozungumza na akina mama wengine waliopitia hali hii nikajua kwamba inawatokea wengi, hasa wasiolala na wasiokula vya kutosha, na kwamba haimaanishi kupungua kwa mapenzi. Nikamwekea mpaka: tunahesabu pamoja hadi kumi, kisha ziwa linalala. Alijifunza kuhesabu kwa njia hiyo.

Karibuni kwa maswali na kwa maoni tofauti.


Mama kutoka Mombasa

Assalamu alaykum dadangu, shukran kwa maelezo haya. Mimi nina mtoto wa miezi 16 na mimba ya miezi mitatu, na nyumbani kwetu wanachonikataza si afya tu, wanasema ni makosa katika dini kumnyonyesha mtoto juu ya mimba, ati maziwa ni haki ya aliye tumboni. Naomba kama unalo la kunambia niwaeleze wakwe zangu bila ya kuwavunjia heshima.


Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mimi si mwanachuoni, na jambo la hukumu mpeleke kwa sheikh unayemwamini, lakini nikuambie nilichofundishwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, akina mama wametajwa kuwa huwanyonyesha watoto wao miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na aya hiyo hiyo inasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha kabla, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Mimba haikutajwa pale kuwa ni sababu ya kukatiza. Zaidi ya hayo, imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa amekusudia kukataza ghila, kisha akazingatia kwamba Warumi na Waajemi wanaifanya na haiwadhuru watoto wao. Wanachuoni wameieleza ghila kuwa ni mume kukutana na mkewe anayenyonyesha, na wengine wakasema ni mwanamke kunyonyesha ilhali ana mimba. Utaona kwamba hofu ya mabibi zetu ni ya zamani mno, na kwamba iliangaliwa kwa kutazama watoto wa watu wengine walivyo.

Kwa wakwe zako, waambie kwamba mtoto wa tumboni hali maziwa ya ziwani. Yeye hulishwa kwa damu yako kupitia kondo. Kinachoweza kumpungukia ni wewe usipokula. Basi waombe, kwa heshima zote, wakuongezee chakula badala ya kukupunguzia mtoto.


Muuguzi mkunga, Mbeya

Nimeusoma uzi huu kwa makini, na kwa kuwa nimehudumu katika wodi ya wazazi kwa miaka mingi, naomba niongezee pale ambapo mwenzetu amepita haraka.

Kwanza ni damu ya mama. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, na mjamzito naye ana mahitaji yake, kwa hiyo anayefanya yote mawili ana mzigo mzito. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi mnavyopewa kliniki visibaki kabatini kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Vimezeni usiku baada ya chakula, na msivimeze pamoja na chai, kwani chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Mama akiwa mweupe viganjani, akichoka kupanda ngazi chache, apimwe damu. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu simshauri aendelee kunyonyesha juu ya mimba kabla hajatibiwa.

Pili, kwa akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao najua wanasoma humu kimya kimya: anayetumia dawa zake kila siku na kufubaza virusi anaweza kunyonyesha, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaruhusu kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi kwa mama anayesimamiwa vizuri katika dawa. Lakini kuwa na watoto wawili ziwani, mmoja anayekula kila kitu na mwingine asiyetakiwa kupewa hata maji, ni jambo la kuzungumza na mhudumu wako ana kwa ana, mkiwa na majibu ya kipimo cha wingi wa virusi mezani. Usilipange peke yako.

Tatu, dalili za kuacha papo hapo na kuja hospitali: kutokwa na damu, maji ya uzazi kuvuja, au mikazo inayokuja kwa mpangilio na isiyoondoka ukipumzika, kabla mimba haijafikisha wiki 37.


Mama mtu mzima, Tanga

Wanangu, mimi nina wajukuu kumi na mmoja, na naomba msiwafanye wazee wenu kuwa wajinga. Enzi zetu baba alihamia chumba kingine, au mama alirudi kwao na mtoto, miaka miwili mizima. Neno kubemenda lilikuwa uzio. Liliwazuia wanaume, na liliwapa wanawake nafasi ya kupumua kati ya mimba na mimba. Nyinyi mmeuondoa uzio, mkaleta watoto wa kufuatana, sasa mnatafuta namna ya kuwagawia ziwa.


Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Nimeyasoma maneno yako zaidi ya mara moja, na nakubali kwamba una haki katika sehemu kubwa. Kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto ndiko kulikokuwa kiini cha mila ile, na uzio huo uliwafaa watoto wengi kabla hatujapata sindano, vijiti na vitanzi vya uzazi wa mpango. Ningefurahi kama neno hili lingerudi kufanya kazi hiyo, yaani kuwakumbusha wanandoa kabla ya mimba.

Ninachokilalamikia, mama yangu, ni namna linavyotumika baada ya mimba kuingia. Wakati huo uzio umekwisha kuvukwa, na anayeadhibiwa ni mtoto wa mwaka mmoja ambaye hakuvuka chochote. Bibi yake mwanangu alilia siku nilipomwonyesha ule mguu wenye shimo la kidole. Hakuna aliyemwambia kamwe kwamba kuachisha ziwa na kumpa muhogo mtupu ndiko kulikomfikisha pale. Aliambiwa ni mimi na mume wangu. Na kwa sababu aliamini hivyo, wala hakufikiria kumwongezea samaki kwenye sahani, kwani dawa ya kubemendwa haipatikani jikoni, hutafutwa kwa mganga. Hilo ndilo linaloniumiza.


Baba wa mtoto mmoja, Dodoma

Dada, heshima yako. Mke wangu atajifungua mwezi ujao na mtoto wetu wa miezi 22 bado ananyonya, nami sitaki akatishwe. Ningependa kujua sisi wanaume tufanye nini hasa, kwa sababu kila nikiuliza naambiwa "mpe moyo", na sijui kumpa moyo kunafanywaje saa nane usiku. Pia yeye ni mwajiriwa.


Mwanzisha uzi

Shemeji, asante kwa kuuliza swali hilo, na nitakujibu kwa vitendo. Anza kesho, usisubiri siku ya kujifungua, kumzoesha mtoto mkubwa kulazwa na wewe. Mume wangu alianza wiki tano kabla: yeye ndiye aliyemwogesha jioni, akampa uji wa mwisho, akambeba mgongoni kwa kanga na kuzunguka naye uani mpaka alale. Usiku wa kwanza alilia sana, wa sita akawa anamwita baba yake mwenyewe. Mdogo wake alipozaliwa, alikuwa tayari ana mahali pengine pa kwenda usiku, na mimi nikabaki na mtoto mmoja wa kumwamkia.

Kila mkeo anapokaa kunyonyesha, weka kikombe cha maji na kitu cha kula mkononi mwake, kwa sababu mikono yake yote miwili itakuwa na watoto na hawezi kuinuka. Msaidie kuwapanga. Kwetu kichanga alilazwa kwenye mto, mwili wake ukipita chini ya kwapa langu la kulia, miguu ikielekea nyuma, na dada yake akapiga magoti upande wa kushoto akiegemea paja. Kichanga ndiye ashikishwe kwanza, kichwa chake kisibanwe, na mkubwa asiachwe amwegemee, maana hapimi uzito wake. Wageni wa arobaini wakija na maneno, uwe wewe wa kuwajibu mlangoni, kabla hawajafika chumbani.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na akirejea kazini mwajiri anapaswa kumruhusu muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Aombe muda huo kwa barua mapema. Mtoto mkubwa mchana atashiba chakula, kwa hiyo atakachokamua kazini ni cha mdogo peke yake.


Mama kutoka Mombasa

Dadangu, nimemsomea mama mkwe maneno yako, na aya nikamtolea kwenye msahafu wake mwenyewe. Hakusema kitu. Jioni ameniletea sahani ya samaki wa kupaka, mkubwa, na akakaa akimchambulia mtoto miiba. Swali langu la mwisho, huyo binti yako aliacha lini?


Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi, mwambie nimemsalimia sana.

Binti yangu aliacha akiwa na miaka 2 na miezi 8, bila shubiri na bila kupelekwa popote. Alikuwa amebakiwa na ziwa la usiku tu. Siku moja tukahesabu kama kawaida, akafika saba akaachia, akaniambia maziwa yaliyobaki ni ya mtoto, akalivuta lile ziwa kwa mikono yake miwili kulielekeza kwa mdogo wake aliyekuwa amelala. Kesho yake sikumkumbusha, naye hakuuliza. Yule mdogo bado ananyonya, ana mwaka mmoja na miezi miwili, na mimi nina kijiti mkononi.